Wakili wa Ukoo

Mtu akisema mbele yangu kwamba ukoo ndio uliomsomesha Dorkas, huwa naweka chini nilichoshika. Juzi nilikuwa nimeshika dumu la mafuta ya alizeti, mteja akaanza kunieleza kwamba yule rafiki yangu hana shukrani, ndugu wamemsomesha halafu akawageuka. Nililiweka dumu chini nikamwambia mafuta yamekwisha. Madumu yalikuwa yamepangwa nyuma yangu mpaka karibu na dari, na aliyaona. Aende akanunue kwa mwingine.

Naitwa Agnes. Nina duka hapa Mandewa, Singida mjini, nina shahada ya fedha, na sihitaji tena kuulizwa mwenye shahada ya fedha anafanya nini nyuma ya madumu. Nimeulizwa vya kutosha. Lakini habari hii si yangu, ni ya Dorkas binti Zefania. Tumekua naye kijiji kimoja nyuma ya Mtinko, tumelala naye chumba kimoja chuoni, na baba zake walimpeleka kusoma sheria ili arudi amnyang'anye mjane shamba. Nalisema hivyo hivyo bila kuzunguka. Wao walizunguka miaka yote, mimi sina muda huo.

Dorkas wa utotoni hakuwa mtu wa sheria, alikuwa mtu wa mnada. Siku ya mnada Mtinko sisi wengine tulikimbilia mishikaki. Yeye alikwenda kusimama kwenye vitunguu, akisikiliza wenye malori wanavyoongea na wakulima, halafu anarudi kwa baba yake na kumwambia leo usiuze, malori ni machache na vitunguu ni vingi, watajipangia bei wenyewe, tusubiri mnada ujao. Mzee Zefania alikuwa anacheka, lakini alikuwa anasubiri, na mara nyingi alishukuru. Kidato cha tano na cha sita alisoma historia, jiografia na uchumi, na kwenye uchumi hakuna aliyemfikia shule nzima. Kulikuwa na swali lililokuwa halimwachi: kwa nini anayelima ndiye wa mwisho kujua bei ya alicholima? Aliamini kuna mahali chuoni swali hilo linajibiwa. Aliniambia mimi, akamwambia na mama yake. Wengine hawakumwuliza.

Kwetu mtoto akifaulu, amefaulu ukoo mzima. Anachinjwa mbuzi, watu wanachanga, na hilo sina ugomvi nalo. Bodi ya mikopo ilimpa Dorkas kipande tu, kilichobaki kilibidi kitoke nyumbani. Ugomvi wangu unaanzia kwenye kile kikao alichokiita mzee Alute, baba yake mkubwa, kaka wa kwanza wa Zefania. Hakikuwa kikao cha kuchanga peke yake. Kilikuwa kikao cha kuchagua kozi.

Nilikuwepo. Nilikuwa jikoni na akina mama, nasonga ugali, na jiko lile halina ukuta upande wa uani, kwa hiyo nilisikia yote. Mwalimu Leonard wa shule ya msingi alikuwa anasoma majina ya kozi moja moja, na wazee wanaipima kila moja kama ng'ombe mnadani, huyu anaangalia meno, yule anaangalia kwato. Biashara ikakataliwa, kwa sababu mwenye duka pale kijijini aliishia darasa la saba na anafanya biashara vizuri tu. Fedha ikakataliwa: utasomaje kuhesabu hela za watu wengine? Wakati huo mimi nilikuwa nimeshajaza kozi ya fedha, nikakandamiza mwiko mpaka sufuria ikalalamika. Uchumi ilipotajwa, Dorkas aliyekuwa amekaa mkekani miguuni pa baba yake aliinua uso. Mzee Alute akasema uchumi wa nchi una wenyewe, akaashiria kwa mkono mwalimu aendelee. Mwalimu akasoma sheria.

Hapo wazee wakatazamana. Halafu mzee Alute akatikisa kichwa taratibu, akasema ukoo huu umeonewa sana na watu wenye karatasi, na sasa Mungu ametujibu. Dorkas atasoma sheria, awe wakili wa ukoo. Wakapiga makofi. Hakuna aliyegeuka kumtazama msichana mwenyewe.

Kabla sijaendelea, lazima nimseme mama Raheli, kwa sababu yeye ndiye aliyekuwa ananipa unga pale jikoni. Raheli ni mjane wa Amosi, mdogo wao wa mwisho akina Alute na Zefania, kwa hiyo kwa Dorkas ni mama mdogo. Amosi alikuwa amefariki mwaka uliotangulia. Mungu aliwapa mabinti tu. Shamba lao liko bondeni, udongo mweusi, maji hayako mbali, na vitunguu vya pale ni vikubwa kuliko vya kijiji kizima. Haikuwa ardhi ya urithi. Lilikuwa pori la miiba walilogawiwa na serikali ya kijiji walipooana, wakalifyeka wenyewe. Mama yangu anasimulia jinsi Raheli alivyokuwa anang'oa visiki na mimba ya miezi ya mwisho, mpaka mkunga akaja kumgombeza huko huko shambani.

Amosi alipokufa, ukoo ulitaka Raheli arithiwe na mdogo mwingine wa mzee Alute, Melkizedeki. Raheli akakataa. Alikataa mbele ya mchungaji, kwa sauti ya kawaida, kama mtu anayekataa chai kwa sababu ameshakunywa. Tangu siku ile mambo yakabadilika. Ng'ombe za shemeji zikaanza kukata kamba na kuingia kwenye vitunguu vyake tu, si vya mtu mwingine. Minyaa ya mpakani ikang'oka yenyewe. Njia mpya ya kwenda kisimani ikapita katikati ya matuta yake. Akufukuzaye hakwambii toka.

Mwanamke huyo huyo, baada ya wazee kupiga makofi, alifuta mikono kwenye kitenge, akatoka jikoni, akapiga magoti mbele ya kikao. Akasema marehemu mume wake alimpenda sana huyu mtoto, na yeye kama mama mdogo anatoa mtamba. Alikuwa na ng'ombe wachache sana, na huyo mtamba ndiye aliyekuwa tumaini la maziwa ya nyumba yake. Mzee Alute akapokea ahadi ile kwa mikono miwili. Akamshukuru Mungu kwa sauti. Na alikuwa anajua, nataka ieleweke kwamba alikuwa anajua. Alimchagulia msichana kozi akiwa tayari amelenga shamba, halafu akapokea mtamba wa mwenye shamba ili kuilipia.

Tukaenda chuo, Dodoma. Mimi fedha, yeye sheria. Muhula wa kwanza alilia sana. Walikuwa wanapewa kesi za kusoma, kurasa na kurasa za Kiingereza cha majaji waliokufa zamani, na anatakiwa atoe humo hoja moja. Akichoka alikuwa ananifuata kwenye vipindi vyetu vya uchumi, anakaa safu ya nyuma kama mwizi, anaandika. Mwalimu wetu alimsifia mara moja kwa jibu zuri akamwuliza namba ya usajili, ikabidi Dorkas aseme ukweli kwamba si mwanafunzi wake. Darasa likacheka. Yeye hakucheka.

Na simu. Kila mwisho wa mwezi mzee Alute alikuwa anapiga. Dorkas anasema shikamoo baba mkubwa, mzee anaitikia marahaba, halafu swali ni lile lile: "Mmefika kwenye mipaka?" Hujambo wala hamjambo, umekula wala umeugua, hakuna. Mmefika kwenye mipaka? Tulikuwa tunalitania chumbani. Mmoja akichelewa kurudi kutoka kantini, mwingine anamwuliza kama amefika kwenye mipaka. Tulikuwa tunacheka, wajinga sisi.

Mwaka wa tatu walifika. Sheria ya ardhi. Na hapo, sijui niseme nini, kitu kilimgeuza. Aliacha kunifuata kwenye uchumi. Alikuwa anasoma ile sheria ya ardhi ya vijiji kama mtu aliyepata barua kutoka nyumbani, kwa sababu watu wa humo ndani aliwajua: mkulima, mfugaji, mjane, mwenyekiti wa kijiji. Simu ilipopigwa mwezi ule akajibu kwa furaha kwamba ndiyo baba mkubwa, tumefika. Akamweleza alichojifunza, kwamba mila yoyote inayomnyima mwanamke haki ya ardhi, sheria haiitambui. Upande wa pili kukawa kimya. Halafu mzee akauliza kama Dodoma mvua imenyesha. Dorkas aliniambia labda mtandao ulikatika. Haukukatika.

Mimi nilimaliza mwaka mmoja kabla yake, kozi yangu ilikuwa fupi. Nilipeleka vyeti kila mahali panapopokea vyeti, nikaambiwa uzoefu, uzoefu, kana kwamba uzoefu unauzwa duka fulani nami nimesahau kupitia. Mwisho nikaanza mafuta. Dorkas alipomaliza, kijijini walimfanyia sherehe. Turubai, muziki, keki, joho jeusi kwenye jua lile la Singida mpaka jasho linamtiririka shingoni. Akina mama walipika tangu alfajiri, na mama Raheli alikuwa miongoni mwao, kwenye sufuria la pilau.

Mzee Alute akashika kipaza sauti. Akasema leo ukoo umepata wakili. Dorkas akainuka kwa adabu akaeleza kwamba bado, mwenye shahada ya sheria si wakili, kuna shule nyingine ya sheria Dar es Salaam kwanza, halafu kuna kuapishwa. Watu wakacheka wakidhani ni unyenyekevu. Mzee akasubiri kicheko kiishe. Halafu akasema wakili wetu hatakosa kazi, kwa sababu ya kwanza iko hapa hapa: shamba la bondeni la marehemu Amosi limekaa mikononi mwa mtu asiye wa damu, na sasa litarudi.

Alilisema na mjane amesimama pale na upawa mkononi. Nilimwona mama Raheli akiinamisha kichwa, akaendelea kupakua. Watu wa kupakuliwa walikuwa bado wana sahani mbele yake, akawapakulia. Mimi nilitaka kulipindua lile sufuria juu ya meza ya wageni rasmi, na hadi leo sijui ni nini kilinizuia. Dorkas alikuwa amesimama na joho lake. Hakusema neno. Nilimkasirikia na yeye.

Jioni ile alimwuliza baba yake kama alijua. Mzee Zefania si mtu mbaya. Ni mtu ambaye ng'ombe zake zinalala kwenye zizi la kaka yake. Akamjibu kwamba wamekusomesha, mwanangu, kwa hiyo wasikilize, na mambo ya kujibizana na wakubwa hayajawahi kumfaa mtu. Mama yake, mama Kristina, alikuwa anaosha vyombo karibu nao na hakutia neno. Kwenye vikao vya ukoo ule sikuwahi kumsikia akitia neno.

Mzee Alute akapeleka shauri baraza la kata. Akamtumia Dorkas ujumbe kwamba siku ya kusikilizwa aje amevaa vizuri. Dorkas akajibu atakuja. Ujumbe ule niliusoma begani kwake, maana alikuwa amehamia kwangu Mandewa akitafuta kazi, na tulikosana vibaya. Nilimwambia akienda kumsimamia yule mzee asirudi kwangu. Alisikiliza mpaka nikaishiwa maneno, akasema anakwenda, na kama nataka nimsindikize. Nilimsindikiza kwa hasira. Nilitaka nione kwa macho yangu.

Baraza linakaa chumba cha nyuma cha ofisi ya kata, mabenchi yamepangwa pande mbili. Upande mmoja alikaa mzee Alute, Melkizedeki, na wanaume wengine wa ukoo, wamejibana mpaka benchi likapinda. Upande wa pili alikaa mama Raheli peke yake, na mkoba wake mapajani. Wajumbe walikuwa mezani, wanaume kwa wanawake, na mwenyekiti ni mzee Gerald, mtu wa kuongea polepole. Akasema kwanza tuelewane: siku hizi baraza la kata halihukumu, linasuluhisha, mkishindwana mnakwenda baraza la wilaya. Akauliza upande wa mlalamikaji una nani. Mzee Alute akainuka, akamwonyesha Dorkas, akasema kwa fahari, "Huyu ni wakili wetu."

Mwenyekiti akasema mawakili hawaruhusiwi kusimama kwenye baraza la kata. Nilimwona mzee Alute anavyobadilika uso. Miaka yote ile, mbuzi, kuku, magunia ya alizeti, simu za mipaka, halafu mlango wa kwanza anaoufikia na wakili wake hauingizi mawakili. Angemwuliza msichana siku moja tu anachosoma, angeambiwa. Hakuwahi kuuliza zaidi ya mipaka.

Dorkas akainua mkono. Akawasalimia wajumbe shikamooni, akasema yeye si wakili, ni mtoto wa hii familia, na akamwomba mwenyekiti asome kwa sauti kanuni inayohusu ndugu. Mzee Gerald akavaa miwani, akafungua, akasoma: mwenye shauri anaweza kuomba ndugu yake asimame kwa niaba yake, baraza likiridhia. Mzee Alute akapata pumzi tena. Akageuka kwa wenzake akitabasamu, nao wakatikisa vichwa, ona sasa, kusoma ni kuzuri.

Dorkas hakutabasamu. Alibaki amesimama katikati ya mabenchi mawili, ametazama chini, kama anayesubiri. Nikaanza kuelewa anasubiri nini, nikamgeukia mama Raheli.

Mama Raheli akafungua mdomo kwa mara ya kwanza asubuhi ile.

"Mwenyekiti, na mimi je? Huyu si ndugu yangu?"

Mzee Gerald akafikiri. "Ni mtoto wa shemeji yako. Amekuita mama mdogo tangu azaliwe. Ni ndugu."

"Basi mimi naomba asimame kwangu."

Mzee Alute akainuka, benchi likainuka upande. "Huyo ni wetu. Tumemsomesha sisi."

"Hata mimi nimemsomesha, shemeji," mama Raheli akasema. "Yule mtamba alikuwa wangu."

Wanaume wa lile benchi wakaanza kutazama viatu vyao, kwa sababu kila mmoja alikuwepo siku ile na kila mmoja alimwona akipiga magoti. Mwenyekiti akamwambia Dorkas kwamba anaombwa na pande zote mbili, aseme yuko upande gani. Dorkas akavuka. Zilikuwa hatua chache tu za sakafu ya saruji, lakini nilimwona anavyozivuka kama mtu aliyebeba gunia. Akakaa kwenye benchi la mama Raheli, bega kwa bega, na yule mama akausogeza mkoba ili apate nafasi.

Mengine yalikwenda haraka. Dorkas hakutoa hata neno moja la Kiingereza. Alianza na shikamoo baba mkubwa, na mzee, kwa mazoea, akaitikia marahaba. Akamwuliza siku pori la bondeni linafyekwa alikuwepo nani. Mzee akasema Amosi. Akamwuliza na nani mwingine. Mzee akageukia benchi lake. Mjumbe mmoja, mama Esta, ambaye ndiye yule mkunga wa zamani, akasema kutoka mezani kwamba kama mzee Alute amesahau, yeye anakumbuka vizuri sana nani alikuwa anang'oa visiki, maana alimfuata huko huko na kumgombeza. Ndipo Dorkas akaeleza kwa Kiswahili cha nyumbani: shamba walilolitengeneza pamoja mume na mke ni la wote wawili, na mila ikigongana na sheria kwenye haki ya mwanamke, mila ndiyo inayopisha. Mwenyekiti akamwuliza mzee Alute kama yuko tayari kusuluhishwa. Akasema atakwenda wilayani, na kule mawakili wanaruhusiwa. Akatoka. Alipopita mbele ya Dorkas akasema kwa Kinyaturu maneno ambayo sitayaandika.

Hajafika wilayani, na nitakuambia kwa nini. Aliita kikao kingine, safari hii watu wachange kumweka wakili wa kweli kutoka mjini. Wanaume wakakubali wote, kama kawaida. Lakini michango ya ukoo ule, tangu zamani, wanaume wanaitaja na wanawake wanaitoa. Ni kuku za mama fulani, karanga za mama fulani, pombe aliyoipika mama fulani. Mzee akageukia jikoni kusikia ahadi. Mama Kristina, mama yake Dorkas, ndiye aliyejibu. Akasema hana kuku. Mwenzake akasema hata yeye hana. Wa tatu akasema kwake zilikufa na kideri. Jiko zima halikuwa na kuku, na kuku zilikuwa zinapita katikati ya miguu yao zikidonoa makombo. Mama yangu alinisimulia huku machozi ya kicheko yanamtoka, na mimi nilicheka, halafu nikakasirika upya: nguvu hiyo walikuwa nayo siku zote.

Usidhani Dorkas alibebwa juu juu baada ya pale. Ukoo ulimtangaza kuwa si mtoto wao. Baba yake hapokei simu, na akipokea anasema ngoja amwite mtu mwingine azungumze naye. Ile shule ya sheria ya Dar es Salaam hajakwenda, kwa sababu ana deni la mkopo na hana mtu wa kumshika mkono. Anachapa nyaraka ofisini kwa wakili mmoja mjini, anaitwa "dada wa kuchapa", na jioni anarudi kwangu kunisaidia kufunga duka. Watu wazima waliosomeshwa kwa kuku za mama zao wanapita dukani na kuniambia hana shukrani. Ndiyo maana mafuta yangu huwa yanakwisha ghafla.

Mwezi uliopita mama Raheli alituita kuvuna. Tulikwenda mapema, tukavuta vitunguu pamoja na mabinti zake, udongo mweusi mpaka kwenye viwiko. Minyaa ya mpakani ilikuwa imepandwa upya na imeshika. Ng'ombe za watu zilikuwa zinachungwa mbali kabisa, upande wa pili wa mkondo. Tulipokaa kupumzika, mama Raheli alikuwa anakata mizizi kwa kisu, akauliza bila kumtazama mtu.

"Hivi mwanangu, wewe mwenyewe ulitaka kusoma nini?"

Dorkas alikuwa ameshika kitunguu. Akakipangusa udongo. Mimi nilikuwa najua jibu tangu tukiwa wadogo, nikafunga mdomo. Kikao kizima cha wazee, walimu wa shule, baba yake mzazi, chuo kizima na sherehe yake, na wa kwanza kumwuliza ni huyu waliyetaka amfukuze. Nilishikwa na hasira mpaka ikabidi nitazame pembeni.

"Uchumi, mama," akasema.

"Na uchumi unasaidia nini?"

Dorkas akaanza kueleza, akasitasita, akasema unasaidia mtu kujua kwa nini bei inakuwa hivi na si vile. Mama Raheli akasikiliza vizuri mpaka mwisho. Halafu akaonyesha kwa kisu lile lundo la vitunguu.

"Basi nisaidie. Hivi niviuze mnada huu au nisubiri?"

Dorkas akajifuta macho kwa bega, maana mikono yote ilikuwa na udongo, akauliza tangu asubuhi malori mangapi yamepita kwenda Mtinko.